Antena ya wima ya mita 40 kushushwa hadi mita 80: koili, kofia, waya wa L au tyuna?

Bomba la mita 10, antena ya kituo chako cha redio ya ridhaa (ya mawasiliano yasiyo ya biashara), limesimama uani, limezungukwa na nyaya zake za ardhini, na kwenye bendi ya mita 40, yaani masafa ya megahezi 7 hivi, halina neno. Mchana Dar es Salaam unaisikia, jioni Ulaya inaingia. Kazi huanza jua likishazama: watu wa Dar, ambao kwa mstari ulionyooka wako kama kilomita 400 tu kutoka Mtwara mjini, wanazama pamoja nalo. Usiku anga la juu hupungukiwa na nguvu ya kuyarudisha mawimbi ya megahezi 7 karibu, kwa hiyo yanaturuka na kwenda kutua mbali. Bendi ya mita 80, ambayo kwa ukanda wetu wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ni megahezi 3.5 hadi 3.8, ndiyo inayoshika zamu hiyo.

Robo ya wimbi kwenye megahezi 3.6 ni karibu mita 20, na bomba lako ni nusu ya hapo. Nusu iliyopungua unaweza kuifidia kwa njia nne ambazo mtu wa redio ya ridhaa huku kusini anazimudu: koili, nyaya za juu ambazo wengi wetu tunaziita kofia, waya wa mlalo unaofanya umbo la L, na tyuna, kisanduku cha kulinganisha antena na redio, inayokaa chini ya bomba. Ipo ya tano, waya wa urefu kamili juu ya mnazi, nami nitaigusa kwa sababu pwani yetu inairuhusu. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, isome kwanza uone imekuruhusu bendi zipi na nguvu kiasi gani. Yanayofuata ni kwa redio ya wati 100.

## Vigezo

Swali la kwanza ni unataka kumfikia nani. Antena ya wima hutupa nguvu yake chini, kuelekea upeo wa macho. Hiyo ni nzuri kwa Ulaya, India au Afrika Kusini, lakini kituo cha kilomita 400 kinahitaji wimbi lipande kwa pembe ya nyuzi 50 au zaidi kisha lirudi. Juu kabisa ya utosi wake bomba halitupi kitu.

La pili ni nguvu kiasi gani inatoka hewani na kiasi gani inabaki kupasha joto koili na udongo. La tatu: bendi ya mita 40 inabaki? Watu wengi hulisahau hili mpaka wamalize kazi. La nne ni uani na kwenye upepo, yaani nafasi, kusi na kaskazi, na chumvi ya baharini. La tano ni vifaa na fedha. Sitaji bei, kwa sababu zinabadilika kila meli inapotia nanga, lakini nitasema kipi kinapatikana duka la vifaa vya umeme na kipi lazima uagize.

## Kabla ya kutazama juu, tazama chini

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Antena ya wima ina mguu mmoja hewani na mwingine ardhini. Mkondo unaopanda bombani lazima urudi kupitia udongo na nyaya zilizolazwa humo. Bomba la robo wimbi kamili lina ukinzani wa mnururisho wa omu 36 hivi, na huo ndio ukinzani unaofanya kazi, unaogeuza umeme kuwa wimbi. Bomba la mita 10 kwenye megahezi 3.6 lina kama omu 6 tu likiwa na koili chini. Ukinzani wa udongo nao unadai sehemu yake. Ukiwa omu 30, kila wati moja inayoruka inaacha tano zikipotea ardhini.

Mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi, ina ardhi za kila aina. Ufukweni Mikindani, Msanga Mkuu, Msimbati, Lindi mjini na Kilwa Masoko kuna maji ya bahari, ambayo hupitisha umeme maelfu ya mara kuliko mchanga mkavu. Panda hadi uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ukutane na mchanga mwekundu wenye kina, maji ya mvua yanapita moja kwa moja na juu kunabaki pakavu. Masasi unapambana na miamba, sehemu nyingine jembe haliingii hata kiganja.

Kwa mchanga mkavu, nyaya nne za ardhini zinaweza kukuacha na omu 30 au zaidi. Kumi na sita zinaushusha ukinzani huo kuelekea omu 10 hadi 15, na thelathini na mbili zinashuka zaidi. Ukiwa na mita 160 za waya, kata vipande 16 vya mita 10. Vinne vya mita 40 havitakupa faida ileile kwa waya uliolazwa chini. Roli ya mita 100 ya waya wa nyumba wa milimita 1.5 inatoa vipande kumi, na plastiki yake usiivue, inalinda shaba dhidi ya chumvi. Alumini ukiizika kwenye udongo wa pwani italiwa. Zizike sentimita chache tu, kwa sababu mbili: watu wasijikwae, na shaba isionekane na wanaopima vitu kwa kilo.

Jedwali hili ni hesabu ya mezani. Linaonyesha kati ya wati 100 zinazofika chini ya antena, ngapi zinatoka kwenye megahezi 3.6 kulingana na ukinzani wa ardhi.

| Njia | Ukinzani wa mnururisho | Ardhi ya omu 5 | Omu 10 | Omu 30 |
|---|---|---|---|---|
| Koili chini | omu 6 | wati 46 | 33 | 16 |
| Koili katikati | omu 11 | 58 | 46 | 25 |
| Kofia ya nyaya zinazoteremka | omu 13 | 72 | 57 | 30 |
| L, mita 10 zikiwa wima | omu 19 | 79 | 66 | 39 |
| Tyuna chini, bomba tupu | omu 6 | 40 | 30 | 15 |
| Waya kamili wa mita 20 | omu 36 | 88 | 78 | 55 |

Soma safu ya koili ya chini kwenye ardhi ya omu 5, kisha L kwenye ardhi ya omu 30. Njia inayodharauliwa kuliko zote inaipita ile inayosifiwa, kwa sababu ya kilichozikwa. Mtu wa Msanga Mkuu na mtu wa Newala wakiulizana antena ipi ni bora, kila mmoja atamjibu mwenzake kwa haki na wote watapotoshana.

## Koili

Nguvu inayotoka. Koili ya chini ni rahisi lakini inabana. Sehemu ya bomba yenye mkondo mkubwa ndiyo inayorusha, na koili ikiwa chini mkondo huo unapungua mapema mno kuelekea juu. Ukiipandisha katikati ya bomba, ukinzani wa mnururisho unakaribia mara mbili. Gharama yake ni koili kubwa zaidi: chini unahitaji kama maikrohenri 17 au 18, katikati kama 33. Uzito wa mita 5 juu kwenye bomba linaloyumba na kusi si jambo la kupuuza.

Kwa koili ya chini, chukua bomba la PVC la inchi 4, lile la maji machafu, uzungushie waya wa milimita 2.5 mara 14 hivi kwa urefu wa sentimita 7 au 8, mizunguko isigusane. Anza na mizunguko 18, kisha tafuta sehemu sahihi kwa klipu huku ukitazama kipima antena. Ukinzani mzima unaweza kuwa omu 18 kwenye ardhi ya wastani, kwa hiyo SWR, kipimo cha jinsi antena inavyolingana na kebo (1 ndiyo bora), haitashuka chini ya 2.5 hata ikigonga masafa kamili. Dawa yake ni koili ndogo ya maikrohenri 1.7 kutoka sehemu ya kulishia hadi ardhini, huku ukipunguza kidogo ile kubwa. Hiyo ndogo inakufanyia kazi ya pili pia: inamwaga ardhini umeme tuli unaokusanywa na mawingu ya masika.

Upana wa masafa ni kama kilohezi 100 kwa SWR isiyozidi 2, na kadiri unavyoongeza nyaya za ardhini unapungua. Usishtuke ukiuona unabana, ndiyo dalili kwamba upotevu umepungua. Antena fupi inayokubali bendi nzima bila kurekebishwa inatia shaka.

Mita 40. Hapa koili ya chini haina mpinzani. Iruke kwa klipu au rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), bomba linarudi kuwa lilelile la zamani, na hata bendi ya mita 15, ambako bomba la mita 10 ni robo tatu za wimbi, inabaki. Koili ya katikati haikupi hilo bila ngazi.

Uani na kwenye upepo. Haichukui hata hatua moja ya ziada ya uwanja. Ifunike kwa ndoo iliyogeuzwa, yenye matundu chini ya kutolea unyevu, maana mvuke wa chumvi kati ya mizunguko unaua koili taratibu. Kwa wati 100 kuna karibu volti 900 juu ya koili hiyo, na ukiijaribu bendi ya mita 160 zinapita 2,000. Kuku hawatajali, watoto watashika. Weka uzio.

Inamfaa mpangaji, mwenye uwanja mdogo, anayehama bendi mara kwa mara, na yeyote mwenye ardhi nzuri kupindukia.

## Kofia

Nguvu inayotoka. Nyaya nne kutoka kileleni, kila moja mita 5 hadi 6, zinavuta mkondo hadi juu kabisa, na bomba zima linarusha. Zingelala sawasawa kama miiba ya mwavuli zingeifikia L. Kwa kawaida lakini watu hutumia sehemu ya juu ya kamba za kushikilia mlingoti, na hizo huteremka. Mkondo unaoshuka kwenye waya unaoteremka unapunguza ule unaopanda bombani. Ncha zisipite chini ya nusu ya urefu wa bomba, na kila kamba ikamatie mbali na shina kadiri uwanja unavyoruhusu. Omu 13 nilizoweka kwenye jedwali ni kwa mteremko wa kiasi.

Mikondo ya nyaya zinazoelekea pande tofauti inafutana, kwa hiyo kofia hairushi kitu cha maana kwenda juu. Kwa kituo cha mbali ni sifa. Kwa Dar ya usiku ni kasoro.

Mita 40. Inaondoka. Kwenye megahezi 7 antena nzima sasa ni nusu wimbi, na chini yake impedansi, yaani ukinzani wote unaoonwa na kebo, inaruka hadi mamia au maelfu ya omu. Kebo ya koaksi, ile ya mviringo inayotoka kwenye redio, haiwezi kuilisha. Unaweza kuishusha kofia kwa kamba na kapi kila unapohama bendi, ila sijaona anayeendelea na zoezi hilo mwezi wa pili.

Uani na kwenye upepo. Hii ndiyo iliyo imara kuliko zote, kwani nyaya zenyewe ni kamba za kushikilia. Sehemu ya chini ya kila moja iwe kamba isiyopitisha umeme. Kamba za wavuvi zinapatikana kila pwani na zinavumilia maji. Za plastiki nyepesi jua linazipasua, na za katani, pamoja na heshima yake yote katika historia ya Lindi, mvua inazioza.

Inamfaa mwenye eneo la mraba lisilo na miti, anayetaka kukaa mita 80 na kuzungumza na mbali.

## Waya wa L

Nguvu inayotoka. Unafunga waya kileleni mwa bomba na kuuvuta mlalo hadi mti au mlingoti mwingine. Kwa bomba nene anza na mita 14 za waya wa mlalo na ukate kidogo kidogo. Ukitumia waya mtupu toka chini hadi mwisho, jumla itaangukia karibu mita 20. Ukinzani wa mnururisho ni omu 19 hivi, na ukiongeza ardhi ya omu 10 unapata 29, SWR ya 1.7 bila kifaa chochote cha kulinganisha. Upana wake unakaribia mara mbili ya koili. Koili haipo, kwa hiyo hakuna cha kupasha moto. Kwa waya wa bei hiyo sijui cha kuulinganisha nao.

Zaidi ya hayo kipande cha mlalo kinarusha kidogo kwenda juu, na hicho kidogo ndicho kinachokupeleka Dar, Songea, Ruvuma yote, na Cabo Delgado ng'ambo ya mto. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mei 2024, mafuriko yaliikata barabara ya Dar hadi Lindi. Mwenye kituo cha redio kwa ajili ya siku kama hizo anahitaji kuwafikia watu wa kilomita 100 hadi 500, hata kama hatawahi kuisikia Japani. Kwa mtu huyo L inaipita kofia, japo jedwali linaziweka karibu. Akitaka hizo kilomita tu na hana haja na mbali, dipole ya mlalo (waya wa mikono miwili unaolishwa katikati) iliyo mita 8 juu itamfaa kuliko chochote kilichomo humu.

Mita 40. Inaondoka kama kwenye kofia, ila hapa kuna njia ya kuirudisha. Weka trapu pale bomba linapokutana na waya: koili ya maikrohenri 5 sambamba na kapasita ya pikofaradi 100, ambazo pamoja zinaitikia megahezi 7.1. Kwenye mita 40 trapu inafunga mlango na bomba linabaki peke yake. Kwenye mita 80 inapitisha na kuongeza ukoili kidogo, kwa hiyo waya wa mlalo utaufupisha. Koili ni mizunguko 11 kwenye PVC ya inchi 2, urefu wa sentimita 4. Kapasita ya volti za kutosha ni ngumu kuipata Mtwara, lakini kebo ya RG-58, koaksi nyembamba ya kawaida, ina karibu pikofaradi 100 kwa kila mita. Kata mita moja, ncha moja iache wazi na kuiziba vizuri, nyingine ifunge kwenye koili, kiini upande mmoja na wavu upande wa pili. Ipime chini kabla hujaipandisha.

Uani na kwenye upepo. Unahitaji mita 14 au 15 kwenda upande mmoja. Mkorosho mkubwa unatosha kufungia ncha ya mbali, na mnazi ni mzuri zaidi, lakini miti inacheza na bomba halichezi. Pitisha kamba kwenye kapi na uning'inize ndoo ya mchanga, ili mti ukivutwa na kusi ndoo ipande na waya usikatike. Bomba lenyewe livutwe nyuma kwa kamba ya upande wa pili. Mabomba ya maji ya mita 6, la inchi moja na nusu likiingizwa la inchi moja, yanasimama vizuri mpaka uyavute upande mmoja tu, hapo yanapinda. Ncha ya mbali ina volti nyingi, isifikike kwa mkono wala isiguse majani.

Inamfaa mwenye shamba au uwanja mrefu wenye miti, na anayetaka karibu na mbali kwa antena moja.

## Tyuna chini ya bomba

Nguvu inayotoka. Ni koili ya chini iliyofichwa ndani ya boksi, kwa kawaida ikiwa na koili ndogo na yenye upotevu zaidi. Nambari zake zinafuata za koili kwa karibu. Bendi ya mita 160 itakubali, SWR itasoma 1.2, lakini ukinzani wa mnururisho wa bomba la mita 10 pale ni omu 1.5. Sindano inafurahi na hewani kunatoka wati chache.

Usiichanganye na tyuna inayokaa mezani karibu na redio. Ile ya mezani inaituliza redio tu, kebo kati yake na antena inaendelea kubeba SWR ya juu na kula nguvu. Kwenye mita 20 za RG-58 zinazolisha bomba fupi, sehemu kubwa ya nguvu inaishia ndani ya kebo.

Mita 40. Inabaki, pamoja na bendi zote za juu. Unabonyeza, inatafuta, unazungumza.

Uani na kwenye upepo. Haina waya wa juu. Lakini ni kifaa cha elektroniki kinachokaa nje, kinataka volti 12 kupitia kebo, na radi inakijua kilipo. Lazima uagize, na kikiharibika hutapata fundi wake jirani.

Inamfaa anayetembea bendi nyingi usiku mmoja, mwenye fedha kuliko muda, au aliye kwenye nyumba isiyoruhusu waya hata mmoja kuonekana.

## Mnazi

Minazi yetu ya asili, ile mirefu, inapita mita 20. Mkwezi akikupandishia kapi na kamba moja, tayari una mlingoti ambao mtu wa Ulaya angeulipia fedha nyingi. Vuta waya wa mita 20, uutenge na shina kwa hatua moja au mbili, uchomoe pembeni kidogo ili nazi zinazoanguka zisiupige, na unapata robo wimbi kamili bila koili. Mita 40 inaondoka kwa sababu zilezile, ila bomba lako la zamani linabaki lilipo, na swichi ya kebo inamaliza mjadala. Kwa bendi ya mita 160, mita 18 za wima na 20 za mlalo kutoka mnazi hadi mnazi zinakupa omu 17 hivi, kitu ambacho bomba la mita 10 halitakaribia kwa hila yoyote.

Karibu na uwanja wa ndege wa Mtwara, au Kikwetu kule Lindi, uliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kupandisha kitu kirefu kuliko miti iliyopo. Na popote pale, antena ikianguka isiweze kufika kwenye nyaya za TANESCO.

## Kulingana na hali yako

Nyumba ya kupanga Shangani au Lindi mjini, uani kuna karo na mstari wa kuanikia nguo. Koili ya chini, na fedha yote iliyobaki inunue waya wa ardhini. Nyaya zipinde kufuata kuta, si lazima zinyooke. Mwenye nyumba mweleze mapema kwamba ni redio, kabla majirani hawajamweleza wao. Taa za bei rahisi na chaja za sola za mtaani zitakupigia kelele kwenye mita 80 kuliko ilivyokuwa mita 40. Waya mfupi wa kupokelea, uliolazwa chini upande wa pili wa nyumba, huwa unasaidia.

Ufukweni kuanzia Kilwa Masoko hadi Msimbati. Chagua yoyote unayoimudu, maji yatakusaidia. Peleka nyaya kadhaa hadi mahali maji yanapofika wakati wa bamvua, na utarajie SWR kusogea kidogo maji yanapokupwa na kujaa. Kama unataka mbali, kofia. Mafuta ya grisi kwenye kila kiungo, na ukague kila baada ya kaskazi.

Newala, Tandahimba, Nachingwea, penye mikorosho na mchanga mkavu. L, kwa sababu ukinzani mkubwa wa juu unapunguza hasara ya ardhi mbaya. Ukiwa na waya wa kutosha kwa nyaya 16 tu za ardhini, anza nazo kabla ya kununua kitu kingine.

Masasi kwenye mwamba. Usichimbe. Inua nyaya mbili za mita 20 kila moja, mita 2.5 juu ya ardhi, zielekee pande mbili tofauti na zikatwe kwa masafa yako, kisha weka L au waya kamili. Hapa nyaya mbili zilizoinuliwa zinafanya kazi ya nyingi zilizolazwa, ila zinakubana kwenye bendi moja.

Kituo cha dharura cha shule, parokia au msikiti, kitakachotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. L yenye trapu, au dipole ya mlalo kama nafasi ipo. Epuka chochote chenye klipu ya kuhamisha, kwani siku ya kimbunga hakuna atakayekumbuka ilikuwa tundu la ngapi.

Unayesubiri msimu. Kuanzia Novemba hadi Aprili radi za mvua zetu zinajaza mita 80 kelele, na antena ya wima inazipokea kwa moyo mkunjufu. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bendi inatulia. Mvua zikiwa zinanyesha zika nyaya, udongo ni laini. Juu utapanda kiangazi. Na kila unapoondoka, chomoa kebo kwenye redio na uifunge ardhini.